"Eti Wanapenda Vya Bure": Povu la Madevelopa Lina Sababu, Bwana Mshauri!

Kuna sauti ya WhatsApp ya dakika nne na ushee inazunguka kwenye magrupu ya vijana wa kompyuta, kuanzia Mwanjelwa mpaka Sinza. Mwenye sauti ni mshauri mmoja maarufu wa mambo ya teknolojia hapa Bongo, jina kapuni, yule wa suruali za kubana na maiki ya kubandika kolani, kila semina yumo. Kwa kifupi anasema hivi: kelele zote zile za madevelopa dhidi ya Unity zilikuwa za watu waliozoea kitonga. Ada yenyewe si imeshafutwa? Na hata isingefutwa, isingemgusa Mtanzania yeyote. Kwa hiyo vijana waache kulialia, wapige kazi. Halafu akamalizia kwa kicheko kirefu.

Kicheko ndicho kilichowachefua watu. Maneno yangeweza kupita.

Kwa wale ambao gemu wanacheza tu bila kujua linapikwa jiko gani: Unity ni injini ya kutengenezea magemu. Kampuni yake ilizaliwa Copenhagen, Denmark, mwaka 2004, na magemu kibao ya kwenye simu yametoka humo, Pokémon GO na Among Us yakiwemo. Ni mali ya kampuni, ndani hapafunguliwi. Mtengeneza gemu mdogo anaitumia bila kulipa mpaka mapato yake yafike kiwango fulani, na akishakua ananunua leseni kwa kila mtu anayeifanyia kazi. Huo ndio ulikuwa mkataba. Watu wakaukubali, wakajenga maisha juu yake.

Tarehe 12 Septemba 2023 kikanuka. Kampuni ikatangaza kwamba kuanzia 1 Januari 2024, gemu likishavuka viwango fulani vya mapato na vya kupakuliwa, mwenye gemu atalipa kila linapowekwa kwenye kifaa. Kwa waliopo kwenye leseni ya chini kabisa, senti 20 za dola kwa kila kifaa. Kwa hela ya Bongo ya wakati ule hiyo ni jero. Jero kwa kila simu! Kwa simu za nchi kama yetu wakaweka senti 2, yaani kama hamsini hivi, ambayo inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kuwa magemu mengi ya simu hayauzwi. Mtu anapakua bure, anacheza, ukibahatika anaangalia tangazo moja, kesho anafuta ili apate nafasi ya kuhifadhi video za harusi. Mwenye gemu hajapata hata kumi, lakini hesabu imeshaandikwa.

Mwanzoni kampuni ilisema hata ukifuta gemu na kuliweka tena inahesabika. Watu walipochachamaa wakabadilisha kauli, wakasema ni mara ya kwanza tu kwenye kifaa. Na hesabu ni nani anaipiga? Wenyewe kampuni, kwa mfumo wao wa makadirio. Mwenye gemu angeletewa bili tu.

Lakini hata hayo yangevumilika. Kilichowatoa watu povu ni kwamba ada ilikuwa inayagusa mpaka magemu yaliyokwisha kutoka zamani, yaliyotengenezwa chini ya masharti mengine. Na hapa ndipo bwana mshauri anapopita haraka kama mtu aliyeona mdai wake ng'ambo ya barabara. Mwaka 2019, baada ya kugombana na kampuni nyingine na madevelopa kuingiwa hofu, Unity walitoa ahadi kwamba masharti yakibadilika, aliyejenga kwa toleo la zamani anaruhusiwa kubaki na masharti ya toleo lake. Wakayaweka na masharti yenyewe hadharani, mahali ambapo kila badiliko lingeonekana. Baadaye pale mahali pakaondolewa kimyakimya. Watu walikuja kugundua Septemba 2023, tayari nyumba inaungua.

Hao ndio wapenda vya bure? Wengi waliopiga kelele walikuwa wanalipa leseni kila mwaka. Waliotengeneza Slay the Spire walitangaza hadharani kuwa wasipobadilishiwa msimamo wanahama, na kweli gemu lao la pili wakalihamishia kwenye injini ya Godot. Waliotengeneza Terraria, ambalo wala halikujengwa kwa Unity, walitoa dola 100,000 kwa Godot na dola 100,000 nyingine kwa mradi mwingine wa wazi. Mtu anayependa kitonga anatoa dola laki mbili mfukoni kwa ugomvi usiomhusu? Kampuni kadhaa za magemu ya simu zikazima matangazo yanayopitia mifumo ya Unity ili waumie pale panapouma, kwenye mkwanja.

Na ilifanya kazi. Tarehe 22 Septemba wakalegeza: wa leseni ya chini wakaondolewa kabisa kwenye ada, na magemu ya zamani yakaachwa. Oktoba 9 bosi mkuu akaondoka. Bosi huyohuyo, kwa wasiojua, mwaka 2022 aliwahi kuwaita wapumbavu wale wabunifu wasiofikiria kuingiza hela tangu mwanzo wa kazi, kisha akaomba radhi. Tarehe 12 Septemba 2024, mwaka mmoja kamili tangu siku ya balaa, uongozi mpya ukaifuta ada yote. Sasa mshauri anasema "si imeshafutwa, mlikuwa mnalilia nini?" Imefutwa KWA SABABU walilia. Ni sawa na kumwambia mtu aliyepiga yowe mpaka mwizi akaacha kuku, kwamba yowe lilikuwa la nini na kuku yupo.

Tena siku hiyohiyo ya kufuta, bei za leseni za kulipia zikapandishwa, asilimia 8 kwa leseni ya Pro na asilimia 25 kwa ile ya makampuni makubwa, kuanzia Januari 2025. Madevelopa wengi walisema sawa. Narudia kwa herufi kubwa za sauti ya mtaa: WALISEMA SAWA. Bei ikapanda na hakuna aliyechoma picha ya mtu. Kwa nini? Kwa sababu imetajwa mapema, inaeleweka, na haikurudi nyuma kula kazi za watu za miaka iliyopita.

Tuje kwenye hoja yake ya pili, ile ya "haiwagusi Watanzania", kwa sababu ndiyo yenye sura ya ukweli. Ni kweli, kiwango cha kuanza kulipa kwa leseni ya chini kilikuwa mapato ya dola 200,000 kwa miezi 12, na gemu liwe limepakuliwa mara 200,000. Kwa Bongo hapo unazungumzia karibu nusu bilioni ya shilingi. Nani anafika huko? Karibu hakuna, na hilo mshauri hajadanganya.

Sasa mtazame dogo mmoja wa Kisiba, kule wilaya ya Rungwe, jina kapuni vilevile ila yeye kwa heshima. Kisiba ni kule karibu na ziwa la Masoko, ambalo wengine huliita ziwa Kisiba, lile la volkeno lenye hadithi za sarafu za Wajerumani zilizotupwa majini. Dogo akaona hiyo hadithi ni gemu kabisa: unapiga mbizi, unatafuta sarafu, hewa inakuishia, unapanda juu. Kompyuta ilitoka kwenye ndama. Mama yake aliuza ndama jike, watu wa Tukuyu wanajua uzito wa hiyo sentensi, maana ndama jike ni maziwa ya miaka ijayo. Kompyuta yenyewe ya mtumba, na betri ilikuwa imeshakata roho, kwa hiyo umeme ukikatika na mvua za Tukuyu zile, kazi inalala. Unity akaishusha kwa bando za usiku, magigabaiti kwa magigabaiti, siku tatu ikikata na kuanza upya. Akajifunza kwa video. Mwaka na nusu.

Habari za Septemba 2023 zilipomfikia, gemu lilikuwa robo tatu. Hakuwa na hofu ya kulipa jero kwa simu laki mbili, hajachanganyikiwa kiasi hicho. Aliacha kazi wiki mbili akiwa anawaza kitu kimoja: kama wameweza kubadilisha hiki, kesho watashindwa nini kukishusha kile kiwango cha dola 200,000 kiwe 2,000? Kalamu ni ileile na mkono ni uleule. Mama yake alimuuliza jikoni swali ambalo washauri wote wa Dar hawajaliuliza.

"Kwa hiyo mwanangu, hiyo kazi unayoifanya usiku ni yako au ni ya hao watu?"

"Ni yangu, mama. Ila panapokaa ni pao."

"Kumbe umelima shamba la kukodi bila kuandikishana."

Mama huyo hajui Unity ni nini, lakini anajua parachichi. Rungwe wanajua sana habari ya mnunuzi anayekuja bei ikiwa moja, matunda yakishachumwa na kujazwa kwenye kreti anasema bei imebadilika, na parachichi lililochumwa huwezi kulirudisha mtini. Mkulima analazimika kukubali. Hakuna mtu Tukuyu anayemwambia mkulima yule kuwa ana hasira kwa sababu anapenda vya bure.

Au chukua panga. Umeenda dukani, muuzaji kakwambia chukua, ukivuna mikungu mingi utanunua kubwa. Umelima, umekata miaka mitano. Siku moja anapita na daftari: kila mkungu uliokatwa na panga langu, na ule wa mwaka juzi uliokwisha kuliwa, una hamsini yangu. Unamuuliza amehesabuje, anakwambia nimekadiria. Huyo ukimcheka umefanya la maana?

Na kuna hili la mshauri kusema "haiwagusi". Ada zinawagusa, tena mlangoni kabisa kabla hujauza kitu. Google Play unalipa dola 25 mara moja kufungua akaunti ya kuweka programu. Apple ni dola 99 kila mwaka, usipolipa programu yako inaondoka dukani. Dola 25 kwa mtu wa Masaki ni chakula cha mchana na juisi. Kwa Kisiba ni zaidi ya elfu sitini, na unatakiwa uwe na kadi inayokubali malipo ya nje, na wakati huohuo mama anauliza mbolea. Ukianza kuuza, asilimia 15 inabaki kwa wenye duka kwa wauzaji wadogo, kwa wakubwa hadi 30. Umeuza kitu cha buku ndani ya gemu, mia na hamsini imekwenda. Sawa, wana seva, wana ulinzi, wana wateja dunia nzima, hiyo hela ina kazi yake na dogo hajawahi kuilalamikia.

Alichokilalamikia ni sheria ya Novemba 2023. Akaunti mpya za watu binafsi, zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 ya mwezi huo, zikatakiwa kuwa na wajaribu 20, wajiunge na kubaki humo siku 14 mfululizo, ndipo uombe ruhusa ya kuliweka gemu hadharani. Lengo ni zuri, kupunguza programu za kitapeli. Sasa kapate wajaribu 20 Kisiba! Nusu ya jirani zake wana vitochi. Wenye simu janja, saba walikubali, wawili hawakumbuki nywila za barua pepe zao, na mmoja aliamini akijiunga atakatwa hela ya M-Pesa. Akaenda stendi ya Tukuyu kuwaomba bodaboda. Siku ya tisa watatu wakajitoa. Hesabu ikavurugika, akatafuta wengine, siku zikaanza upya. Mtandaoni kumezuka mpaka biashara ya kuuza wajaribu, watu wa nje unawalipa dola wajifanye wanapenda gemu lako. Mwenye hela ananunua foleni, asiye nayo anabembeleza bodaboda. Desemba 2024 Google wakashusha idadi kutoka 20 hadi 12. Kumbe iliwezekana! Nani alisababisha? Walewale walialiaji.

Bongo hii si ngeni. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotoka, mwenye blogu alitakiwa kulipia maombi, leseni na ada ya mwaka, ukijumlisha inavuka milioni mbili. Juni mwaka huo JamiiForums ilisimama. Blogu ngapi za vijana zilifungwa mtu akiwa hata vocha ya kuingia mtandaoni anakopa? Na wakati ule walikuwepo watu wa kola na maiki waliosema anayeona ghali aache, hiyo ni dalili hana biashara. Ada zilikuja kupunguzwa baadaye. Blogu zilizokufa hazikufufuka.

Haya, na upande wa pili useme ukweli, maana povu nalo lina uchafu wake. Baadhi ya waliopiga kelele Bongo wanatumia Photoshop ya kuchakachua tangu wako fomu tatu. Wameiba programu ya kampuni moja kisha wanaandika insha ya haki dhidi ya kampuni nyingine. Wapo na walioshadadia kwa sababu ilikuwa inavuma, hawajawahi kumaliza gemu hata la kurusha ndege. Hao mshauri akiwasema ana haki. Kosa lake ni kuwatumia hao kumzika dogo wa Kisiba pamoja nao kwenye kaburi moja.

Tena yeye ndiye mwenye maswali ya kujibu. Miaka mitatu anazunguka na semina, Mbeya mjini kafika mara mbili, na kila akifika anafundisha injini moja, duka moja, njia moja. Hajawahi kumwambia kijana asome masharti. Hajawahi kutaja Godot, injini iliyoanzia Argentina na kuwekwa wazi kwa kila mtu mwaka 2014, ambayo leseni yake inakuruhusu kuitumia na kuuza kazi yako bila kumgawia mtu senti, na hakuna bosi anayeweza kuamka Jumanne akabadilisha hilo kwa toleo ulilonalo. Faili lake ni dogo pia, bando la usiku mmoja linalishusha. Kwa kijana wa Rungwe hiyo si habari ndogo! Ina mapungufu, haijakamilika kama Unity, mafunzo ni machache na ya Kiswahili ndiyo usiseme. Lakini mtu anatakiwa aambiwe kuna milango miwili, achague mwenyewe. Mshauri anayejua mlango mmoja tu ni dalali.

Dogo alihama. Kaitafuta Godot mwenyewe, bila semina. Michoro ya ziwa na milio ya maji vilihama vizuri, lakini maandishi yote ya programu alianza moja, miezi saba mingine. Hiyo miezi saba hakuna aliyemlipa, haimo kwenye taarifa ya kampuni yoyote, na haikuhitaji kupakuliwa mara laki mbili ili imguse. Ndiyo ada aliyolipa, tena kwa tangazo ambalo mshauri anasema halikumhusu.

Sasa malizieni na hii, wadau. Wiki iliyopita mshauri ametoa tangazo la darasa lake jipya la kutengeneza magemu, ada shilingi laki na nusu, kapiga picha amekunja mikono. Chini kabisa ya tangazo, kwa maandishi madogo, kaandika kwamba ada itapanda mwezi ujao, ila wasiwe na wasiwasi waliokwisha kujiandikisha, wao watabaki na bei yao ya zamani mpaka mwisho wa kozi.